MJADALA: Aiko ana kosa gani hata asirithi kiti cha baba yake?

Wadau, suala hili la Japani, ambako Aiko, binti wa Mfalme Naruhito, hawezi kurithi ufalme kwa kuwa ni wa kike, linaniuma, na naliweka mezani tulijadili.

Masako Owada alikuwa mwanadiplomasia msomi wa Harvard alipoolewa na Naruhito, mwana wa Akihito aliyekuwa mfalme wakati huo, Juni 1993. Tangu hapo tumbo lake likawa habari ya taifa. Desemba 1999 mimba ikaharibika, magazeti yakiwa yameshaitangaza. Tarehe 1 Desemba 2001 akamzaa Aiko. Binti, basi maneno yakazidi: wa kiume lini? Mei 2004 Naruhito alisema mbele ya waandishi kwamba kuna mambo yaliyotendeka ya kuikana kazi na utu wa mkewe. Miezi miwili baadaye ikatangazwa kuwa Masako anaugua kwa msongo.

Chanzo ni Sheria ya Nyumba ya Kifalme ya 1947: anayerithi ni mwanamume, tena wa upande wa baba tu. Tangu 1965 hakuwa amezaliwa mvulana katika ukoo ule. Mwaka 2005 jopo la Waziri Mkuu Koizumi likashauri mtoto wa kwanza arithi, awe wa kike au wa kiume. Mara Kiko, mke wa Akishino mdogo wake Naruhito, akashika mimba. Septemba 2006 Hisahito, mvulana, akazaliwa na muswada wa kubadili sheria ukazikwa.

Wengi walishangilia. Mimi naona mzigo wa Masako umewekwa tu akiba kwa msichana atakayeolewa na Hisahito. Na mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto! Hata huku kwetu, wanawake wangapi wameletewa mke mwenza kwa "kosa" la kuzaa mabinti?

MCHANGIAJI: Mkuu, hapa napingana nawe. Wanawake 8 wamewahi kutawala Japani, ila hakuna hata mmoja aliyemwachia kiti mtoto ambaye baba yake ni wa nje ya ukoo. Uzi wa kiumeni haujakatwa, na ndio unaoipa nyumba ile uzito wake. Akitawala Aiko, mwanawe atakuwa wa ukoo gani? Kuna matawi 11 yaliyoondolewa kwenye ufalme mwaka 1947. Vijana wao wa kiume warudishwe kwa kuasiliwa, mambo yaishe.

MLETA MADA: Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, lakini tuitazame vizuri. Matawi hayo kwa upande wa baba yanakutana na mfalme wa leo kiasi cha miaka 600 nyuma. Kijana aliyezaliwa na kukulia uraiani awe karibu na kiti kuliko binti wa kumzaa mfalme?

Halafu huo uzi ulishikiliwa na masuria. Mfalme Taisho, babu mzaa baba wa Akihito, alizaliwa na suria, Yanagihara Naruko. Mke wa ndoa hakuwa na mtoto. Usuria umekwisha, jambo jema kabisa, lakini sharti la mvulana likabaki vilevile. Kazi iliyokuwa ya wanawake kadhaa akaachiwa mke mmoja, na akishindwa analaumiwa yeye.

Warithi waliobaki ni watatu: Akishino aliyezaliwa 1965, mwanawe Hisahito, na mzee Hitachi, mdogo wake Akihito, wa 1935. Kwa hiyo kila kitu kinamsubiri mke wa Hisahito. Nijibu hili, ndugu yangu: akizaa mabinti watupu, mtamfanya nini?