Mjadala: Je, hospitali ya umma ifanye upasuaji wa urembo?

Ndugu wachangiaji, tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza mwaka 2023 kutoa huduma za upasuaji rekebishi wa urembo, ikiwa ni pamoja na kupunguza tumbo na kurekebisha matiti na makalio, mjadala haujapoa hapa Dar es Salaam. Mchangiaji aliyenitangulia ameandika kwamba ni dhambi ya wazi kumlaza mtu anayetafuta umbo katika chumba cha upasuaji kilichojengwa kwa kodi ya wananchi, ilhali mtoto aliyeungua bado anasubiri, na kwamba wenye fedha zao waachwe waende Uturuki au India. Uchungu wake naushiriki kikamilifu. Hitimisho lake silikubali, na naomba nieleze kwa nini.

Tuanze na huyo mtoto, kwa sababu ndiye anayestahili kuwa katikati ya mjadala huu. Katika nyumba zetu nyingi za kupanga, Manzese, Tandale na kwingineko, jiko la mkaa huwekwa chini, barazani au kwenye korido, na juu yake kuna sufuria la uji au karai la mafuta ya maandazi. Mtoto anayejifunza kutembea akilivuta, maisha yake yanaweza kuokolewa wodini, lakini kidonda kirefu kikiachwa kijifunge chenyewe, kovu lake hukaza na kuvuta: vidole hukunjika vikagandamana na kiganja, au kidevu kikashikana na kifua. Daktari bingwa hulikata kovu hilo ili kiungo kinyooke, huchukua tabaka jembamba la ngozi, mara nyingi pajani, wakati mwingine hulitoboa matundu madogo madogo ili majimaji yapate njia ya kutoka, kisha hulishona juu ya jeraha. Baada ya hapo huja bandeji, vibao vya kunyoosha vidole na miezi ya mazoezi ya viungo. Na kwa kuwa kovu halikui sawasawa na mtoto, huenda akarudishwa tena chumba cha upasuaji kabla hajamaliza shule. Hapo sijamtaja mtoto mwenye mdomo wazi, yaani aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, ambaye duniani hukadiriwa kuwa mmoja katika kila 700 wanaozaliwa, wala majeruhi wa Msamvu, Morogoro, walioletwa Muhimbili baada ya lori la mafuta kulipuka tarehe 10 Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100.

Sasa, mikono inayofanya kazi hiyo ndiyo hiyo hiyo inayoondoa ngozi iliyolegea tumboni. Elimu yake ni moja tangu mwanzo. Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliopoteza pua na taya, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Aliinua kipande cha ngozi, akakishona kikawa mfano wa bomba ili kiendelee kupata damu, kisha akakihamishia usoni. Baada ya vita alifanya upasuaji wa urembo pia. Bingwa wa fani hii akikosa kabisa nafasi ya kufanya kazi ya kulipiwa ndani ya hospitali ya umma, ataitafuta nje, na atakayebaki bila daktari si yule tajiri.

Isitoshe, mpaka kati ya urembo na tiba si mnyoofu kama tunavyoudhania. Mwanamke ambaye uzito wa matiti umemletea maumivu ya mgongo ya miaka, na mikanda ya sidiria imemchimba mabega, anafuata urembo au nafuu? Aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, akataka kurudishiwa umbo la kifua chake, tumwite mwenye anasa? Masheikh wanaposisitiza katazo la kubadilisha maumbile, wao wenyewe hutaja habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akajitengenezea pua ya fedha, ikamtolea harufu, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu imekatazwa kwa wanaume. Kurekebisha kilichoharibika hakujawahi kuhesabiwa sawa na kuikosoa kazi ya Muumba.

Kuhusu kuongeza makalio, nakiri waziwazi kwamba ndipo ninapokuwa mgumu zaidi. Mafuta ya mwili yanayohamishiwa makalioni, yakidungwa ndani ya msuli, yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu, yakafika mapafuni na kuua. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya mabingwa vilionya kwamba vifo huenda vimefikia kimoja katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo. Lakini kuufunga mlango wa Mloganzila hakumwondolei msichana wa Sinza matamanio yake. Kutampeleka kwenye sindano za uchochoroni, ambako hakuna damu ya akiba, hakuna mtaalamu wa usingizi, na hakuna atakayemwambia ukweli kwamba hastahili kufanyiwa.

Kwa hiyo naunga mkono huduma hii kwa masharti ambayo lazima yaandikwe. Anayefanyiwa kwa ajili ya urembo alipe gharama yote, bila shilingi ya ruzuku. Sehemu ya mapato itengwe kwa ajili ya walioungua na wenye midomo wazi wasio na uwezo wala bima. Ratiba ya chumba cha upasuaji isimruhusu mteja wa urembo kumsukuma nyuma mgonjwa wa kovu, na hospitali itangaze kila robo mwaka ni wagonjwa wangapi wa kila kundi wanaosubiri, na kwa muda gani. Takwimu hizo zikionyesha kwamba foleni ya watoto inarefuka tangu huduma hii ianze, nitakuwa wa kwanza kutaka isitishwe. Mnaopinga, naomba mnijibu hili: huduma ikiondolewa leo, fedha ya kuwafanyia watoto hao upasuaji itatoka fungu gani, na tutambakizaje bingwa wa kuwafanyia?