Tupeane uzoefu: mota za kusogezea karavani ya ekseli mbili

Mleta mada, Njiro

Wakuu, habari za leo. Nimenunua karavani, yaani kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, ya ekseli mbili iliyotumika Uingereza, nayo ninakusudia kuigeuza jiko la kuwafuata wageni makambini. Barabarani gari linaivuta bila tatizo. Tatizo huanza getini. Njia ya kuingilia kwangu ina kona kali kati ya ukuta na tangi la maji, ambapo gari na karavani haviwezi kupinda pamoja, na vijana sita niliowaita wasukume waliambulia kuipeleka mbele na nyuma tu. Nimesikia kuna mota za umeme zinazofungwa kwenye chesisi, zikakandamiza rola kwenye matairi na kuyazungusha kwa rimoti. Zipo seti za mota mbili na za mota nne, na bei ya hizo nne inatisha. Aliyezitumia kwenye ekseli mbili anieleze yaliyomkuta, si yaliyoandikwa kwenye boksi.

Mchangiaji wa Ilboru

Ndugu mleta mada, mimi nilianza na mota mbili nikaishia na nne, kwa hiyo gharama nimeilipa mara mbili. Kwenda moja kwa moja, mota mbili zilitosha kabisa. Kupinda ndiko kulikonishinda: karavani ya ekseli moja huzunguka juu ya magurudumu yake mawili, lakini penye ekseli mbili lazima magurudumu yaburuzwe kiubavu, na mota zilizofungwa kwenye ekseli moja zinabeba mzigo wa ekseli nyingine isiyosaidia lolote. Rola zikawa zinateleza na kukwangua mpira wa tairi. Nilijifunza kupinda kidogo kidogo, mbele na nyuma, kama dereva wa lori anayegeuza kwenye uchochoro, jambo linalohitaji nafasi ambayo wewe umeshasema huna. Mota zangu zilikuwa kwenye ekseli ya mbele, na niligundua kuwa nikishusha pua ya karavani kwa kile kigurudumu cha mbele, uzito unaiegemea ekseli hiyo na rola zinashika vizuri zaidi.

Kilichonifanya nibadilishe ni mlima wa kwetu. Pigeni hesabu wenyewe: karavani ya kilo 1,800 kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 inavutwa chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 180, na hapo bado hujaongeza kokoto na kona. Mota nne zinapanda pale bila kulalamika, na kona zinapinda, ingawa matairi bado yanachimba changarawe, na kwenye vitofali yanaacha michirizi myeusi ambayo mama watoto hajaisamehe hadi leo. Kumbuka pia kwamba seti ya mota mbili ina kilo thelathini na kitu na ya nne ni karibu mara mbili yake. Uzito huo unatolewa kwenye mzigo unaoruhusiwa kubeba, na wewe una mitungi ya gesi na masufuria. Ipeleke kwanza kwenye mizani ikiwa na vyombo vyake vyote.

Mchangiaji wa Shantytown, Moshi

Kaka yangu wa Ilboru amesahau betri, na mimi ndiyo iliyoniumbua. Nilikuwa na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 niliyoitoa kwenye mfumo wa sola, nikaona inatosha na kubaki. Katikati ya mwinuko wa getini kila kitu kikazima. Bahati nzuri gia za mota zilizuia karavani isirudi nyuma. Kumbe kifaa cha ulinzi ndani ya betri ile kiliruhusu ampea 50 tu, ilhali mota nne zikilemewa zinaweza kudai zaidi ya 100 kwa mkupuo. Ukubwa wa betri na kasi ya kutoa umeme ni mambo mawili tofauti, na muuzaji aliniuzia la kwanza bila kunitajia la pili.

Baadaye fundi akaniwekea betri inayofaa, lakini kwa waya wa milimita za mraba 10. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa mita 10 na ampea zikiwa 100, waya huo unakula karibu voti 1.75 kati ya 12, na mota zinakuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tuliweka wa 35, pamoja na fyuzi na swichi kubwa ya kukata umeme wote, na tangu hapo sijasukuma karavani kwa mkono.

Mchangiaji wa Usa River

Masika, sahau. Tope letu likishika tairi, rola inazunguka na tairi limesimama. Nilipanga mbao mbili ndefu njia nzima, na kila nikimaliza ninaosha rola.

Mchangiaji wa Himo

Kwa heshima zote, mimi nilichomelewa mbele ya pikapu ile tufe ya chuma ya kuungia karavani. Ninaisukuma karavani huku ninaiona, na sina betri ya kuchaji. Ila uwanja wangu ni mkubwa, sikatai.

Mleta mada, Njiro

Asanteni sana. Kwa kona yangu pikapu haitaingia, hivyo ninaelekea kwenye mota nne. Je, fundi atoboe chesisi?

Mchangiaji wa Ilboru

Hapana, asitoboe. Seti nyingi hubanwa kwa vibano na bolti kwenye reli za chesisi, na kutoboa chuma kile chembamba kunakidhoofisha. Jazeni matairi upepo kamili kwanza, ndipo mpime nafasi: rola ikiachiwa ikae kama milimita 20 kutoka kwenye tairi. Na kabla ya kugusa rimoti, mtu ahakikishe breki ya mkono imeachiwa. Mimi siku ya kwanza niliisahau, nikamlaumu fundi nusu saa nzima.