Naomba ushauri: Celica GT-Four ST185, nitoe masega ya ekzosi au niyaache?

Wakuu, habari za leo. Niko Kampala, nina Toyota Celica GT-Four ya 1991, usukani wa kulia, injini 3S-GTE yenye tabo. Ni ST185, aina iliyoshinda Safari Rally kuanzia 1992 hadi 1995, na yangu bado ina karibu kila kitu cha kiwandani: kopo la mkaa la kunasa mvuke wa petroli, mipira ya vakyumu, hata masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter).

Siku hizi inakuwa nzito kwenye mzunguko wa juu. Fundi mmoja wa Kisekka, soko la vipuri vya magari hapa Kampala, anasema masega yameziba, tuyatoe tuweke bomba tupu, na mnunuzi wa masega yuko tayari. Najua kwa nini yanatafutwa hivyo: ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Mimi roho inakataa. Gari la namna hii likishanyofolewa vya kiwandani, kuvirudisha ni kazi kubwa kuliko kuvitunza, na moshi wa petroli mbichi mjini umeshatutosha.

Tena masega hayafi bure. Huenda tabo inavujisha oili, au petroli inazidi na kuyeyusha masega.

Aliyewahi kupima shinikizo la ekzosi kupitia tundu la sensa ya oksijeni anielekeze: geji gani, na kiasi gani ni kibaya? Na kama ni lazima yatoke, nihifadhi ya asili vipi yasipate kutu? Hapa Uganda nani anachomelea ekzosi bila kukata flanji (kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti)?