Naomba ushauri: kuhamisha mwongozo kutoka DocBook 4 kwenda 5

Wakuu, habari za jioni kutoka Tanga. Mimi na wenzangu wa hapa Ngamiani tunachangia programu huria moja, sisi tukishika tafsiri ya Kiswahili. Mwongozo wake uko DocBook 4.5 (muundo wa XML wa kuandikia nyaraka za kiufundi), na sasa wenye mradi wanataka tuhamie 5.0, ambayo ni kiwango cha OASIS, shirika la viwango huria, tangu 2009.

Mabadiliko ya lebo hayanitishi. *id* inakuwa *xml:id*, *ulink* inakuwa *link* yenye *xlink:href*, na kile kigeuzi, *db4-upgrade.xsl*, kinayafanya chenyewe. Kinachoniumiza kichwa ni entiti, yaani majina mafupi yanayosimama badala ya maandishi au faili nzima. Namba ya toleo, jina la programu, hata sura nzima nzima zinaitwa kwa entiti. Ukipitisha faili kwenye kigeuzi, zote zinafunguliwa na kumwagwa humo humo, unabaki na faili moja refu kama treni ya mizigo. Nafikiria kuzificha kwanza kwa alama ya muda, nigeuze, kisha nizirudishe. Sura nizitoe kwenye entiti niziingize kwa XInclude (njia ya XML ya kuingiza faili moja ndani ya nyingine). Aliyewahi kufanya hivi, kuna mtego gani?

Halafu tafsiri. Tunatumia faili za PO (zenye kila sentensi na tafsiri yake), na kila sentensi yenye kiungo itabadilika lebo, maana yake gettext, zana inayoshughulikia faili hizo, itaziona zote ni za kukaguliwa upya. Je, nibadilishe lebo kwa skripti ndani ya PO zenyewe kabla ya kuunganisha?

Mwenzangu mmoja anashauri turukie AsciiDoc, muundo mwepesi zaidi wa kuandikia, kwa Pandoc, programu ya kugeuza miundo ya nyaraka. Mimi naona anakimbia kazi, ila mwenye hoja anisahihishe.