Mrija wa Geiger unafaa kwenye setilaiti ndogo?

Mwalimu_Ahero
Hamjambo. Nafundisha fizikia sekondari moja hapa Ahero. Klabu yetu imeunda kihesabu cha mionzi kwa mrija wa Geiger aina ya SBM-20. Darasani hulia kama mara 20 kwa dakika. Tukikiweka karibu na kile kifuko cheupe cha karabai ya zamani ya wavuvi wa omena, chenye thoriamu, kinalia mfululizo. Sasa wanafunzi wananiuliza: tukikipandisha kilomita 500 juu, kitasoma nini? Na mbona mionzi huko ni mikali juu ya Brazili kuliko juu yetu?

Fundi_Nakuru
Habari mwalimu. Hongera kwa klabu, na hicho kifuko msikitupe.

Sumaku ya dunia haijakaa katikati kabisa. Kitovu chake kimesogea kilomita 500 hivi kuelekea upande wa Pasifiki, kwa hiyo upande wa pili, juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini, ukanda wa Van Allen, yaani eneo lililojaa protoni zilizonaswa na sumaku ya dunia, hushuka hadi kwenye njia ya setilaiti. Hata darubini ya Hubble husitisha kazi ya vifaa vyake ikipita hapo. Juu ya Kisumu kuna afueni.

Wasiwasi wangu ni mrija. Mwaka 1958 setilaiti ya Marekani, Explorer 1, ilibeba mrija wa Geiger wa kikundi cha James Van Allen, na ilipopanda juu zaidi hesabu ikaanguka hadi sifuri. Carl McIlwain wa kikundi hicho akauweka mrija wa akiba mbele ya mashine ya eksirei: mionzi ilipozidi, nao ukanyamaza. Kila chembe huuacha mrija umezubaa kitambo kidogo. Zikifuatana mno, mapigo yanadhoofika hadi saketi haiyatambui. Sifuri ile ilitokana na wingi wa chembe! Mimi naona kila mwanafunzi anayejenga kihesabu angeanza na kisa hiki.

Ongezeni fotodayodi ya silikoni, kijisehemu cha elektroniki kinachohisi mwanga na hata chembe za mionzi. Haidai volti 400, na ukubwa wa pigo lake unaonyesha chembe imeacha nishati kiasi gani. Kwa mrija, kila chembe ina mlio uleule.

Nyota_Kakamega
Mwalimu, angalieni na obiti pia, yaani njia ya kuzunguka dunia. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi 12 Desemba 1970 kupima eksirei za nyota, ilizunguka ikweta kwa mwinamo wa digrii 3 tu, ikagusa ukingo tu wa eneo hilo la mionzi mikali. Nyinyi mnaitafuta mionzi yenyewe, kwa hiyo obiti kama ya kituo cha anga cha ISS, yenye mwinamo wa digrii 51.6, itawafaa zaidi. Setilaiti ndogo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa humo ISS Mei 2018.

Mwalimu_Ahero
Asanteni sana. Fundi, fotodayodi ya BPW34 inatosha? Na kifuko nakitumiaje?

Fundi_Nakuru
Yatosha kuanzia. Izibeni kwa utepe mweusi, mwanga usipenye kabisa. Wekeni mrija na fotodayodi bega kwa bega, sogezeni kifuko sentimita moja moja, mchore grafu ya vyote viwili. Lakini kwanza kifungeni ndani ya plastiki nyembamba, mtoto asivute vumbi lake.