Tupeane uzoefu: kulea watoto wa paka wagonjwa wa kituoni mpaka wapate kwao

Mlezi wa Kilimani, Nairobi

Wapenda paka wenzangu, habari zenu. Mimi huchukua watoto wa paka wanaoumwa kutoka kituo cha kuokoa wanyama, nawatunza nyumbani mpaka wapone na kuchanjwa, kisha wanatafutiwa familia. Najua humu tuko wengi tunaofanya hivi kimyakimya. Naomba kila mmoja aeleze ugonjwa uliomsumbua zaidi na alivyoushinda, au ulivyomshinda.

Naanza na mafua, kwa kuwa ndiyo yanayoleta wengi kwangu. Kituoni vizimba vimepangana, akipiga chafya mmoja, baada ya siku chache chumba kizima kinaumwa. Mara nyingi chanzo ni virusi vya hepesi ya paka au kalisi, halafu bakteria wanadandia juu yake. Wageni wakiona macho yaliyogandana kwa tongotongo wanashtuka. Mimi naangalia pua kwanza. Paka hula kwa kunusa, na pua ikiziba chakula kwake hakina maana. Mtoto mdogo asipokula siku moja tu, hali yake inaporomoka mbele ya macho yako.

Kwa hiyo asubuhi yangu huanza bafuni. Nafungulia maji ya moto, nafunga mlango, tunakaa ndani ya mvuke mpaka kamasi zilainike. Napangusa pua, kisha macho kwa pamba iliyochovywa maji vuguvugu, kila jicho na pamba yake. Simvuti kope zilizogandana. Namwekea pamba mbichi juu yake, nasubiri, zinaachia zenyewe. Ndipo namletea maini ya kuku yaliyosagwa, yakiwa na joto la mwili, maana chakula cha moto kidogo harufu yake inapanda. Akikataa nampaka kidogo mdomoni, alambe.

Na mizani, jamani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtoto mzima huongeza kama gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akisimama palepale namchunga, akishuka naenda kwa daktari bila kusubiri kesho. Uzito hushuka kabla wewe hujaona dalili yoyote kwa macho.

Bibi Paka, Tanga

Mwanangu wa Kilimani, umenena. Mie huletewa wachanga wasiofungua macho bado, wale waliookotwa jalalani mama yao hajulikani alipo. Kwangu neno la kwanza ni joto. Mtoto akija amepoa, watu hukimbilia maziwa. La! Akiwa wa baridi tumbo lake limesimama, maziwa hayasagiki, na anaweza kupaliwa akafa mkononi. Namkunja ndani ya kanga, pembeni naweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, namwacha apate joto polepole. Ukitia kidole mdomoni mwake ukasikia uvuguvugu, na akaanza kutafutatafuta, hapo ndipo umlishe.

Mlisheni akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mamake, si chali kama mtoto wa binadamu. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, kawaida natumia yale ya unga ya watoto wa paka. Akimaliza, mpanguse chini kwa kitambaa cha maji vuguvugu ili akojoe, kwa kuwa kabla ya wiki tatu hivi hawezi mwenyewe.

Halafu viroboto. Mfunue mdomo uangalie ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wamemaliza damu, na huo ni ugonjwa wa kuua. Wachanga mimi nawaogesha kwa sabuni laini ya vyombo, nawachana kwa kitana cha meno ya karibu, nawakausha kabisa. Dawa ya viroboto ya mbwa msiiguse. Yenye pamethrini inaua paka. Na panadol vilevile, hata kipande, kwa paka ni sumu.

Mwana Kisauni, Mombasa

Shikamoo bibi. Mimi nitaeleza ule ulionishinda.

Niliwapokea ndugu wanne, wazuri, wamenona, hawana hata chafya. Baada ya siku kadhaa mmoja akaacha kula. Alikwenda kwenye bakuli la maji, akainamisha kichwa juu yake, akabaki hivyohivyo, hanywi. Daktari aliponisikia nikieleza hivyo kwa simu aliniambia nimlete sasa hivi, na wengine nisiwachanganye na paka yeyote. Ilikuwa parvo ya paka, ile ambayo kwa jina la kitabibu ni panleukopenia. Virusi vyake hula chembe nyeupe za damu na kuharibu utumbo, mtoto anatapika, anahara, anakauka maji mwilini. Dawa ya kuviua virusi vyenyewe haipo. Unachofanya ni kumshikilia: maji chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki ili bakteria wasimalizie kazi, joto, chakula kidogokidogo kwa bomba la sindano.

Wawili walikufa. Yule wa kwanza, na dada yake aliyekuwa akilala juu yake. Wawili waliobaki tuliwavusha, na hadi leo nikitumiwa picha zao na familia zilizowachukua nazitazama mara mbili mbili.

Ninalotaka kuwaachia ni hili: virusi hivi vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka mzima. Sabuni peke yake haiviui, wala dawa nyingi za kunukia za kusafishia. Kwanza osha uchafu wote kwa sabuni, kwa kuwa jiki haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo 32, iache ilowe dakika kumi. Vitu vya nguo, maboksi na mbao, mimi nilichoma vyote. Chumba kile hakikupokea tena mtoto asiyechanjwa kwa mwaka mzima. Na sasa kila anayekuja anakaa peke yake wiki mbili, hata awe mzima vipi.

Nyau wa Temeke, Dar

Pole sana kaka. Hukuwa na la kufanya zaidi ya hayo, naamini hivyo kwa dhati.

Mimi kwangu ni mapunye. Hayaui, ila yanachosha! Viduara visivyo na manyoya masikioni na miguuni, na yanaambukiza watu. Matibabu ni wiki nyingi za dawa na kuogeshwa, na chumba kinafagiliwa nywele kila siku. Wanangu wanajua: kwenye chumba cha paka wa mapunye haingii mtu, na mimi nina gauni langu la kuingilia humo tu.

Nyongeza kwa wenye wagonjwa wa mafua: mkiandikiwa doksisaiklini ya vidonge, mfuatishieni maji kidogo kwa bomba. Kidonge kikikwama kooni kinaunguza.

Mtanga wa Columbus, Ohio

Salaam kutoka Marekani. Huku kuna msimu wake: kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli, vituo vinafurika, kwa sababu paka jike huanza kutaka dume siku zinaporefuka. Huko nyumbani karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, ndiyo maana wanazaa mwaka mzima na ninyi hampumziki. Kituo changu kinanipa chakula na dawa, mimi natoa chumba na muda. Kinachonigusa kwenu ni kwamba wengi mnanunua wenyewe. Wenye vituo huko, wapeni walezi angalau dawa na chanjo, mtapata walezi wengi zaidi.

Mgeni, Arusha

Nimesoma yote na ninatamani kuanza. Mke wangu ni mjamzito, mama mkwe anasema paka hawafai kabisa. Ni kweli?

Mlezi wa Kilimani

Kaka, hongereni. Mama ana hoja, asidharauliwe. Kuna kimelea cha toksoplasma ambacho hutoka kwenye kinyesi cha paka, hasa watoto, na kinaweza kumdhuru aliye tumboni. Kinyesi hakiambukizi papo hapo, huchukua siku moja au zaidi, kwa hiyo kikitolewa kila siku na wewe, si mkeo, hatari inapungua sana. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa pia huleta. Lakini hawa wetu ni wagonjwa wanaoharisha, na mapunye yapo. Kwa maoni yangu subirini mkeo ajifungue. Kwa sasa msaidie mlezi mwingine kwa chakula au usafiri.

Wengine mmeniuliza pembeni nawatoaje. Nangoja awe na wiki nane na karibu kilo moja, anakula mwenyewe, dawa zimeisha, chafya hakuna. Chanjo ya kwanza kati ya wiki 6 na 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12, na hiyo huku kwetu siiachi kamwe. Kisha kuhasiwa.

Anayemtaka namuuliza maneno machache tu. Unaishi ghorofa ya ngapi, na dirisha lina wavu? Desemba mkienda ushago, paka anabaki na nani? Akiumwa utampeleka kwa daktari gani? Asiye na jibu la swali la pili simpi, hata awe jirani yangu. Ndugu wawili wanaolala pamoja naomba wachukuliwe pamoja. Na kila mmoja anaondoka na karatasi yake: alichougua, dawa alizotumia, chakula anachopenda. Wa hepesi naandika wazi kwamba mafua yanaweza kurudi akipata mshtuko au kuhamishwa, ili wasidhani wameuziwa mgonjwa.

Mwenye uzoefu wa mtoto aliyetolewa jicho moja, naomba aandike hapa. Kuna mmoja nitamchukua wiki ijayo baada ya upasuaji, familia inamsubiri tayari, na wanataka kujua ataruka vitandani kama wengine au la.