RAV4 imegoma kuwaka baada ya kubadilishwa mkanda wa taimingi: ninunue injini, niite fundi wa mashine, au nifungue mwenyewe?

Mwana_wa_Limbani
Assalaam alaykum. Nipo Wete. Gari ni RAV4 ya 1996, injini 3S-FE, ile ya distributa (kigawanya moto wa plagi). Iliingia gereji kwa miguu yake, ikabadilishwa mkanda wa taimingi na wotapampu iliyokuwa ikivuja. Tangu ifungwe haijawaka. Staata inazunguka vizuri, mara mojamoja inapiga chafya kwenye filta ya hewa, basi. Fundi anasema valvu zimepinda, nitafute injini ya mtumba Unguja. Jirani ananambia niite fundi wa mashine, yaani wa skana ya kusoma kompyuta ya gari, kutoka Chake aje kuisoma. Shemegi yangu anasema tufungue wenyewe. Nianze na lipi? Pesa ya injini sina, na hata ningekuwa nayo, kuivusha mpaka Mkoani ni mtihani mwengine.

Spana_17
Waalaykumu salaam. Injini usinunue, yakhe. 3S-FE hata mkanda ukikatika njiani, pistoni hazifiki kwenye valvu. Toyota waliacha nafasi. Huyo anayesema valvu zimepinda kabla hajafungua hata kava, mwambie akuoneshe.

Chafya kwenye hewa maana yake moto unakuja wakati valvu ya kuingiza iko wazi. Hapo ni ama waya za plagi zimepishana, ama mkanda umekaa jino pembeni. Waya ni bure, anza nazo: mpangilio ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ni ya upande wa mkanda, na unahesabu kufuata mzunguko wa rota ya distributa.

Waya zikiwa sawa, toa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi, fungua kava ya juu, kisha zungusha krenki (shafti ya chini inayosukumwa na pistoni) kwa spana kufuata mwendo wa saa mpaka mfuo wa puli ya chini ukae kwenye 0. Si kwenye 10, ile ni ya kuwekea moto. Sasa tazama puli ya kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Ina tundu dogo, na nyuma yake kwenye kofia ya beringi kuna alama. Lazima uione alama kupitia tundu. Ukikuta tundu liko chini kabisa usishtuke, ongeza mzunguko mmoja kamili wa krenki, maana kamshafti inakwenda nusu yake. Likija juu halafu likakaa pembeni ya alama, mchawi umempata.

Umeme_Chake
Mie ndiye fundi wa mashine anayesemwa, kazi ni hii hii, na bado nakwambia usiniite. Gari za Japani za mwaka huo nyingi hazizungumzi na skana tulizonazo. Chini ya boneti kuna kijisanduku cha kupimia. Piga staata kidogo, zima, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga staata, uhesabu taa ya injini inavyomweka. Ikitoa 12 (mmweko mmoja, kituo, kisha miwili), kompyuta haipati ishara ya mzunguko, kwa hiyo angalia soketi ya distributa. Ikitoa 14, tatizo liko upande wa ignaita, kifaa kinachoendesha koili ya moto. Ila kama inapiga chafya basi moto upo, kwa hiyo na mimi naweka kura yangu kwenye alama. Sehemu za athi zipige msasa wakati uko humo humo, chumvi ya bahari yetu mnaijua.

Premio_ya_Jang'ombe
Ngojeni jamani. Asije mwenye D-4 (injini ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) akasoma hapa akadhani 3S zote ni moja. Yangu ni 3S-FSE, na kwenye hiyo pistoni na valvu zinakutana. Mkanda ulikatika, silinda hedi ikafunguliwa, valvu zimelala kama mizizi ya mkoko. Kwa injini ile, kuendelea kupiga staata huku taimingi haijulikani ni kujimaliza. Zungusha kwa mkono tu, ukihisi pamegoma, acha.

Karafuu_Kavu
Kuna njia ya nne hamjaitaja: kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kabla hajatumia senti kwenye injini. Ya 3S-FE kiwanda hakitaki iwe chini ya psi 142.

Spana_17
Sawa, lakini asipime kabla ya kusahihisha taimingi. Hapo ndipo watu wengi wanapouziwa injini. Mkanda ukikaa pembeni, valvu zinafunga kwa wakati usio wake, hewa inatoka, na geji inasoma chini kwenye silinda zote nne, karibu sawasawa. Fundi anaiona namba, anasema injini imekufa. Valvu ikipinda kweli kwa kawaida utaona tofauti: silinda moja au mbili ziko chini, nyengine nzima. Kwa hiyo alama kwanza, geji baadaye, na geji yenyewe huenda usiihitaji.

Mwana_wa_Limbani
Tumefungua na shemegi. Waya ziko sawa. Chini iko kwenye 0, lakini tundu la juu limepita alama, kwa macho naona kama jino moja, shemegi anasema mawili. Kumrejeshea fundi yuleyule sitaki. Suali langu: mkanda huu huu mpya naweza kuurejesha au ninunue mwengine?

Spana_17
Urejeshe, alimradi haujaloa oili wala maji ya rejeta. Kwa vile wotapampu ilifunguliwa, upapase wote na nyuma yake. Usiukunje, na mshale uelekee ulikokuwa. Legeza tenshena (puli ya kuvutia mkanda), sahihisha, iache springi yenyewe ivute, kaza. Kisha mizunguko miwili kamili kwa mkono, utazame tena alama zote mbili kabla ya kurudisha plagi.

Umeme_Chake
Na plagi zenyewe zikaushe, kwa staata zote hizo lazima zimeloa petroli. Ikikataa mara ya kwanza, kanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga, usipampu.